Namba hii kaiandika nani? Uzoefu wangu wa kuandika programu kwenye chumba cha habari

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, vijana wanaosoma kompyuta vyuoni hunitumia ujumbe unaofanana: "Dada, nami nataka kuingia kwenye uandishi wa takwimu, nianze na lugha gani?" Huwajibu Python, maana ndiyo ninayoitumia, ila nikiishia hapo nakuwa sijawasaidia. Lugha ya programu utaizoea kwa miezi michache. Kilichonichukua miaka ni mambo mengine: namba zinatoka wapi, nani anazijaza, zinabadilishwa lini bila tangazo, na nani atalipia seva mradi ukiisha. Nayaandika hapa, pamoja na ya pesa, kwa sababu ya pesa ndiyo tunayofichana sana.

Nilianzia benki, Dar es Salaam. Nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza mifumo ya ndani: fomu za mikopo, ripoti za matawi, vitu ambavyo mteja havioni. Mshahara ulikuwa wa uhakika, bima ipo, na mkopo wa mfanyakazi ukiutaka unaupata. Mifumo mingi tuliijenga kwa Django, zana za Python za kujengea tovuti, na kwa muda mrefu sikujua kwamba Django ilizaliwa kwenye gazeti. Mwaka 2003 Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wanafanya kazi Lawrence Journal-World, gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, nchini Marekani. Walihitaji kitu cha kujengea kurasa haraka, kwa kuwa habari haimngoji mtu amalize kupanga mambo yake. Julai 2005 kikatolewa kwa umma. Nikaanza kufuatilia kazi za Willison. Mwaka 2009, akiwa gazeti la The Guardian, yeye na wenzake walitengeneza ukurasa uliowaomba wasomaji wasaidie kupekua nyaraka za madai ya matumizi ya wabunge wa Uingereza. Mwaka 2017 akatoa Datasette, programu inayochukua faili la SQLite, yaani hifadhidata nzima ndani ya faili moja, na kuligeuza kuwa tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kutafuta anachotaka ndani yake. Kumbe mtu wa programu anaweza kukaa meza moja na waandishi, na kazi yake ikasomwa na mama lishe pamoja na mkuu wa wilaya! Mimi ripoti zangu zilikuwa zinasomwa na meneja wa tawi, na yeye kwa kulazimishwa.

Mwaka 2018 nikaacha benki. Mshahara ulishuka karibu nusu. Mama aliniuliza kwa upole kama nimefukuzwa kazi. Nilipomwambia nimeacha mwenyewe, kesho yake akaniuliza tena. Chombo cha habari nilichoingia kilikuwa kimepata ufadhili wa "mradi wa takwimu", na mradi wenyewe nilikuwa mimi na kompyuta yangu. Miezi ya mwanzo jina langu lilikuwa dada wa kompyuta. Printa ikigoma, naitwa mimi. Mtu kasahau nywila ya barua pepe, naitwa mimi. Nililia kwenye daladala siku moja, sitaki kuficha, maana nilikuwa nimeacha cheo na bima kwa ajili ya kufungua karatasi iliyokwama.

Kilichonitoa huko ni kuomba nikae kwenye kikao cha asubuhi cha wahariri, hata kama sina la kusema. Ukingoja mezani kwako, waandishi watakuletea stori iliyokwisha kuandikwa wakuombe "uweke chati". Kikaoni unalisikia swali likiwa bado bichi, na mara nyingi unaweza kusema palepale kwamba takwimu za kulijibu hazipo, au zipo lakini zinajibu swali jingine. Mwajiri akikunyima kiti kwenye kikao hicho, jua amekuajiri uwe fundi wa mapambo.

Niliingia wakati mgumu. Septemba 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, na kusambaza takwimu kwa nia ya kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi likawa kosa lenye faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Juni 2019 sheria ikarekebishwa tena na makali hayo yakapunguzwa, baada ya malalamiko ya ndani na nje, Benki ya Dunia ikiwemo. Ila katika miezi ile ya katikati, kila namba iliyotoka mezani kwangu ilipita kwa mhariri mmoja mtu mzima, aliyekuwa anakaribia kustaafu na asiyejua kufungua Excel.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii namba umeitoa wapi?"

"Kwenye faili la wizara, mzee."

"Faili halipigiwi simu, binti yangu. Kaiandika nani?"

Nilichukia. Niliona ananichelewesha kwa woga wa sheria. Lakini gazeti lilikuwa lake, kwa hiyo nikaanza kutafuta namba za simu za watakwimu wa halmashauri, maofisa elimu, waganga wakuu wa wilaya. Nilikuwa na jedwali la vifaa vya zahanati lenye sifuri nyingi katika wilaya moja, na kichwa cha habari kilikuwa kimeshapangwa. Mtakwimu niliyempata alicheka kidogo akasema, "Hizo sifuri, dada, siyo kwamba vifaa hakuna. Hao hawajaleta fomu. Mfumo haukubali kuacha wazi, ndiyo tunaweka sifuri." Kichwa cha habari kikafutwa, na stori ikawa nyingine kabisa: kwa nini fomu haziletwi. Tangu siku hiyo sijawahi kuchora chati ya takwimu za serikali bila kumtafuta mtu mmoja anayezijaza au kuzipokea. Wengi wanapokea simu, tena kwa furaha, kwa sababu hakuna anayewauliza kazi yao.

Sasa nije kwenye matokeo ya mitihani, maana huko ndiko nilikokulia.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, huweka matokeo ya kidato cha nne mtandaoni, ukurasa mmoja kwa kila kituo cha mtihani. Kila mtahiniwa ana mstari wake: namba, jinsi, jumla ya pointi, divisheni, kisha masomo yote yamerundikwa kwenye kisanduku kimoja: CIV - 'C' HIST - 'D' KISW - 'B' B/MATH - 'F'. Kuvuta kurasa zote na kutenganisha masomo ni kazi ya skripti, yaani programu fupi, ya Python, na kijana yeyote mwenye bando anaweza kuiandika. Ndiyo maana kila mwaka mtandaoni kunazuka majedwali ya "shule bora" na "shule zilizoanguka", na mengi yana makosa yaleyale.

La kwanza ni herufi. Kituo kinachoanza na S ni cha wanafunzi wa shule, kinachoanza na P ni cha watahiniwa wa kujitegemea. Shule moja inaweza kuwa na vyote viwili kwa jina lilelile. Ukiunganisha kwa jina, wale waliokuwa wanarudia mtihani huku wanafanya kazi dukani wanahesabiwa kama wanafunzi wa shule, na shule inaonekana imefeli kuliko ilivyofeli.

La pili limenipotezea usiku mwingi. Shule ina namba ya usajili, nayo inaanza na S. Namba ya kituo cha mtihani pia inaanza na S. Zinafanana sura lakini ni namba mbili tofauti, zinatolewa na watu tofauti kwa madhumuni tofauti. Ukichukua orodha ya shule yenye namba za usajili ukaiunganisha na matokeo kwa "S" hiyo, kompyuta haitalalamika. Itakuunganishia vizuri kabisa, shule ya Mara na matokeo ya shule ya Lindi, na ramani itapendeza. Kuunganisha kwa majina nako kuna balaa lake, kwa sababu nchi hii ina shule nyingi zinazoitwa Mwenge, Uhuru na Azimio. Dawa niliyoipata ni kujenga jedwali langu la kati, lenye namba zote mbili, wilaya na kata, na kulihakiki kwa mkono shule kwa shule. Kazi ya kuchosha, na haina sifa. Lakini jedwali hilo ndilo mali yangu kubwa kuliko programu yoyote niliyowahi kuandika.

La tatu ni miaka. Wahariri wanapenda mstari unaopanda au kushuka kwa muongo mzima, na matokeo ya kidato cha nne hayakubali mchezo huo. Ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalikuwa mabaya kiasi kwamba serikali iliyafuta Mei 2013 yakapangwa upya. Kwa hiyo mwaka huo una matokeo mawili, na lazima uulize faili lako ni la yapi. Mwaka 2013 yakaongezwa madaraja ya B+ na E. Mwaka 2014 divisheni zikaondoka, ikaja GPA, yaani wastani wa alama, yenye Distinction, Merit, Credit na Pass. Mwaka 2015 divisheni zikarudi, ambapo pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza. Mstari mmoja unaopita juu ya mabadiliko hayo yote unamwonyesha msomaji namna vipimo vilivyobadilika, na yeye atadhani anaona watoto wakifaulu na kufeli. Mimi huvunja chati hapo vipande, naandika juu ya kila kipande mfumo uliokuwa unatumika. Haipendezi. Msanifu kurasa wetu alikuwa ananuna kila mwaka.

Januari 2023 NECTA ikaacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Siku ileile tukaulizwa mezani kama tunaweza kutengeneza orodha yetu. Kiufundi ilikuwa kazi ya jioni moja. Tulibishana sana, na msimamo wangu ni uleule hadi leo: orodha ya shule kumi za juu inamfaidi mwenye shule, maana ni tangazo la bure. Nilipendekeza tuweke sanduku la kutafutia, mzazi aandike shule ya kata yake aone hisabati imekwendaje kwa miaka ya karibuni, ikilinganishwa na shule za wilaya hiyohiyo. Kazi hiyo ilisomwa na watu wachache kuliko ambao wangesoma orodha, nakiri, na mtu wa masoko hakufurahi. Walioisoma walikaa muda mrefu, na maofisa elimu walianza kunipigia wao.

Ukitaka kuvuta kurasa hizo, mambo mawili ya adabu. Usivute siku ya matokeo. Siku hiyo nchi nzima iko kwenye tovuti ile, na wewe na skripti yako ni msongamano wa ziada. Ngoja, vuta usiku, weka sekunde kadhaa kati ya ombi na ombi, na hifadhi kila ukurasa kama ulivyoupata kabla hujagusa chochote. Pili, matokeo ya darasa la saba huwa na majina ya watoto. Futa safu ya majina kabla ya kuhifadhi jedwali lako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, mtoto wa miaka kumi na tatu hahitaji kufuatwa na alama yake ya Kiingereza maisha yote.

Halafu ikaja akili mnemba, na kazi yangu ikageuka ndani ya muda mfupi kuliko nilivyotarajia.

Oktoba 31, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza Dodoma matokeo ya Sensa: watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 wa mwaka 2012. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma mwezi mmoja baadaye, Novemba 30. Kwa hiyo majedwali ya sensa ndiyo yaliyokuwa mezani wakati waandishi wetu wanaanza kuzoea programu za namna hiyo. Kijana mmoja, mwandishi mzuri tu, alichukua majedwali mawili ya mikoa, 2012 na 2022, akakiomba chombo kimoja cha akili mnemba, sitakitaja, kimwandikie aya kuhusu mikoa iliyopungua watu. Mbeya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.7 mwaka 2012 na milioni 2.34 mwaka 2022. Aya ikaja, Kiswahili safi, sentensi zimetulia, na sababu za kupungua: vijana kuhamia Dar es Salaam, gharama za kilimo kupanda, familia kuzaa watoto wachache. Kila sababu inaingia akilini. Ingeweza kusemwa na mtaalamu yeyote redioni na ukatikisa kichwa kukubali.

Ukurasa ulikuwa unapangwa wakati msanifu wetu, mwenyeji wa Vwawa, alipousoma kwenye skrini yake akauliza kwa sauti, "Na sisi mmetutupa wapi?" Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukizijumlisha Mbeya na Songwe za mwaka 2022 unapata karibu milioni 3.7. Hakuna aliyepungua. Chombo kilikuwa kimeeleza kwa ufasaha sababu za jambo ambalo halikutokea.

Hilo ndilo lililonifundisha kuhusu vyombo hivi kuliko mafunzo yote niliyohudhuria. Kabla yake, mwandishi asiyejua takwimu alikuwa anakwama, na kukwama kulimleta kwangu au kwa mtu wa Songwe. Sasa hakwami. Kwa hiyo ulinzi lazima uwekwe mapema. Sisi tuliweka kanuni ya kawaida kabisa: kabla ya kulinganisha mwaka na mwaka, linganisha orodha ya majina ya mikoa na wilaya kwanza, jina likiwa upande mmoja na halipo upande wa pili, simama. Skripti ya mistari michache inafanya hivyo. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, mikoa iliyoundwa mwaka 2012, nayo huwanasa watu wanaotumia takwimu za zamani zaidi.

Msinielewe vibaya. Navitumia vyombo hivi kila siku, na sitaki kurudi nilikotoka. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ni mfano. Mkaguzi Mkuu humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, na Aprili zinatua bungeni na mtandaoni, vitabu kadhaa vya PDF kwa mkupuo, vyenye majedwali ya halmashauri, mashirika na miradi. Zamani nilitumia Tabula, programu ya kutoa majedwali kwenye PDF, kwa kurasa zenye maandishi halisi, na Tesseract, inayosoma maandishi kwenye picha, kwa zilizopigwa picha, na wiki nzima ilikwisha nikirekebisha majedwali yaliyokatwa katikati na ukurasa. Sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo inaisha kabla ya chakula cha mchana. Mwandishi anaweza kuuliza "halmashauri zipi zilipata hati yenye shaka miaka miwili mfululizo" na akapata mahali pa kuanzia.

Mahali pa kuanzia, nasisitiza. Niliwahi kukipa chombo jedwali la madeni ambalo kwenye kitabu lilikuwa na visanduku vyenye kistari, yaani hakuna taarifa. Kikarudisha jedwali limejaa. Pale kwenye vistari kulikuwa na namba zinazofanana ukubwa na za jirani zake, hadi senti. Niligundua kwa sababu jumla niliyoipata haikulingana na jumla iliyochapwa chini ya jedwali. Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Inapowezekana nakiomba chombo kiniandikie skripti ya kusoma PDF, nisikiombe kinisomee namba. Skripti naweza kuisoma na kuiendesha tena kesho ikatoa jibu lilelile. PDF ikiwa ya picha na hakuna namna, kila mstari lazima urudi na namba ya ukurasa, jumla zote zilinganishwe na zilizochapwa, na mtu mmoja afungue kitabu chenyewe kuhakiki kila namba itakayoingia gazetini. Kila namba, siyo sampuli. Namba zinazoingia gazetini huwa chache tu, kisingizio cha muda hakipo.

Sauti ina mitego yake. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zimetusaidia sana kwenye vikao vya mabaraza ya madiwani, ambavyo huchukua siku nzima. Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako bila kulipia. Lakini sikiliza diwani anavyosema pesa: "elfu mia mbili na hamsini". Ni 250,000 au 200,050? Aliyekuwepo ukumbini anajua, kwa kuwa alijua wanazungumzia mifuko ya saruji au posho. Programu itachagua moja na kuiandika kwa tarakimu nadhifu. Mimi nimepiga marufuku tarakimu kwenye maandishi yanayotokana na sauti: pesa ibaki kwa maneno kama ilivyosemwa, na mwandishi arudi kwenye dakika ile asikilize mwenyewe. Diwani akichanganya Kiswahili na Kisukuma ndani ya sentensi moja, jambo la kila siku kanda ya ziwa, rudi kwenye sauti hata kwa maneno.

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Tulikuwa na kazi ya Jumatatu. Vyombo vyote tulivyozoea vilikuwa ng'ambo, havifunguki. Kilichofanya kazi ni vile vilivyokuwa ndani ya kompyuta zetu: SQLite, Python, Whisper, na modeli ndogo ya lugha, yaani akili mnemba inayokaa ndani ya kompyuta, niliyokuwa nimeipakua kwa udadisi tu, iliyokuwa inajibu polepole huku feni inavuma. Tangu hapo sijengi kitu cha gazeti ambacho hakiwezi kukimbia siku moja bila intaneti. Kuna faida nyingine: vyombo vya ng'ambo vinatozwa kwa dola, kwa kadi, na mhasibu wetu alikuwa anataka risiti yenye mhuri. Kumweleza kwa nini haina mhuri kulichukua nguvu kuliko kuandika programu yenyewe.

Kuhusu pesa, kama nilivyoahidi.

Kazi nyingi za takwimu kwenye vyumba vya habari vyetu zinaendeshwa kwa ufadhili, na ufadhili una tarehe ya mwisho. Mradi ulionileta ulikwisha. Tovuti yake ya ramani iliendelea kuwaka kwa muda kwa sababu seva ilikuwa inalipiwa na kadi ya mwenzetu aliyekuwa ameshahamia kampuni nyingine. Siku alipoifunga kadi, ramani ikazimika na kazi yetu ya muda mrefu ikapotea machoni pa watu. Hakufanya kosa, kadi ilikuwa yake. Siku hizi kila ninachojenga lazima kiweze kugeuzwa kurasa za kawaida zisizohitaji hifadhidata, za kuwekwa popote kwa gharama ndogo au bure, na anwani ya tovuti iwe kwa jina la taasisi. Kabla ya kusaini, uliza nani atalipia seva mwaka wa pili. Ukijibiwa "tutaangalia", basi jibu umelipata.

Uliza pia programu na majedwali ni ya nani. Mkataba wangu wa kwanza haukusema, na nilipoondoka tukakaa mezani kugombania jedwali la shule nililolijenga kwa mkono. Tulimaliza kwa kukubaliana kila upande ubaki na nakala, lakini urafiki ulipungua. Sentensi moja kwenye mkataba ingetosha.

Nikawa najitegemea. Mwaka wa kwanza ulikuwa mbaya: wateja wa ndani wanalipa baada ya miezi, wa nje wanalipa vizuri lakini wanataka uzoefu wa kuonyesha. Niliuza gari, nikarudi kwenye daladala, na nikachukua kazi za mifumo ya hospitali na maduka ili kodi ya nyumba ilipike. Anayetaka njia hii awe na akiba ya miezi kadhaa au mwenza mwenye mshahara. Ukiwa na watoto na huna vyote viwili, baki na ajira yako na ufanye takwimu jioni; Datasette na matokeo ya wilaya yako yanatosha kukujengea jina.

Akili mnemba nayo imebadilisha kinacholipwa. Kuvuta kurasa, kusafisha jedwali, kuchora chati za kawaida, hayo wateja sasa wanajifanyia, au wanadhani wanaweza. Bei yake imeshuka sana na haitarudi. Kinachoniletea kazi ni watu ambao tayari wana jedwali lililotengenezwa na chombo fulani na wanaogopa kulichapisha. Nawapelekea ankara yenye mistari miwili, programu upande mmoja na uhakiki upande mwingine, na uhakiki ndio ghali: simu kwa watakwimu, kufungua vitabu, kulinganisha majina ya wilaya. Baadhi hukataa mstari wa pili wakiuona. Hao nawafanyia programu peke yake, na kwenye ankara naandika kwamba namba hazijahakikiwa na mimi.